Misumari ya Mlango wa Jikoni

9 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo utanisoma. Magoti yanaendeleaje? Na yule mwalimu wa mashati meupe, bado anakulaumu wewe dobi kwa jasho lake mwenyewe? Mimi ni mzima, mzima wa kuzidi, mzima mpaka naona aibu. Leo ni siku ya ishirini na moja ya ndoa yangu na bado nikisikia kikohozi chake mlangoni naangusha kitu. Jana ilikuwa sufuria.

Najua hutaki kumsikia. Nitamwandika hivyo hivyo. Ulimwita "muuza misumari" mbele ya watu, nami nimelichukua jina hilo nikalifanya la mapenzi. Muuza Misumari wangu huamka kabla yangu, hunichemshia maji ya kuoga, kisha husimama nje ya bafu na taulo mkononi kama mhudumu wa hoteli kubwa. Mikono yake inanukia chuma. Siku hizi naipenda harufu ya chuma kuliko marashi yoyote. Najua umesonya hapo.

Ulisema najitwisha mzigo wa mwenzangu. Basi nikueleze huo mzigo. Una miaka mitano, hauna meno mawili ya mbele, na umenipa jina la Mama Mpya. Baba yake anamwita Zambarau, kwa sababu akikimbia hatua kumi tu midomo na kucha zake hugeuka rangi hiyo, kama mtu aliyetoka kuiba matunda. Alizaliwa na tundu kwenye moyo na njia nyembamba ya kwenda mapafuni, basi damu iliyopata hewa na isiyopata zinachanganyika humo ndani. Mama yake mzazi alifariki Zambarau akiwa hajaanza kutambaa. Aliyemlea ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na bado tunaishi naye, chumba cha nyuma. Ananitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi aliyeshika msumeno kinyumenyume.

Madaktari wa moyo wanataka afikishe kilo kumi na tano ndipo wampasue. Ana kumi na tatu. Kila Jumamosi anakalia sinia la mizani ya dukani, pale pale inapopimwa misumari ya inchi tatu, na kila akiongeza nusu kilo baba yake anapigilia msumari mmoja kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mwaka mzima uliopita alipata misumari miwili tu. Imebaki minne.

Nimeapa mbele ya mlango ule, mama. Hiyo minne ni yangu.

Mwanao anayekupenda, utake usitake.


21 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma. Mwalimu ni yule yule na jasho lake ni lile lile.

Simu sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitalegea, na bado sijamaliza kukasirika. Nimefua nguo za watu miaka ishirini na sita ili wewe ukae darasani. Ukakaa, ukamaliza kidato cha nne, ukaniahidi tutafungua dobi ya mashine mimi na wewe. Halafu ukaenda kufua nguo za mtoto wa watu. Tena mgonjwa. Huyo bwana hakutafuta mke, alitafuta muuguzi wa kulala humo humo.

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako.


17 Februari

Mama, mama, mama!

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, kama umesimama kaa. Misumari MITATU! Kwa wiki tano! Ule wa mwisho umepigiliwa jana, na Muuza Misumari alimbeba Zambarau mabegani akazunguka naye duka zima, huku mteja wa watu amesimama na kopo la rangi anauliza, "Jamani, mimi nahudumiwa au nashangilia?" Akaambiwa ashangilie. Akashangilia!

Wifi yangu, ambaye tangu niingie nyumba hii hajanipa hata kijiko bila kuguna, amenivutia kiti mwenyewe. "Kaa," akasema, "una mkono mzuri." Nilikaa nikiwa nimevimba kichwa.

Ungemwona! Mashavu yamejaa. Asubuhi akiamka macho ni madogo, yamezibwa na nyama, kama mtoto mchanga aliyeshiba. Miguu imenona mpaka soksi zinaacha mchoro. Kliniki ya moyo wamempima, wakanipongeza mimi, mimi mwenyewe, mbele ya foleni, kisha wakatupa tarehe ya kupasuliwa, kwani nusu kilo iliyobaki ataipata kabla yake. Tarehe 22 Aprili. Watu wa nyumba hii wameingoja tarehe hiyo miaka miwili, mama. Usiku ule mume wangu aliniambia kwamba mimi ndiye bahati ya nyumba yake, na mengine aliyoniambia siyaandiki, barua inaweza kufunguliwa njiani.

Kwa hiyo usiniambie tena "mtoto wa watu". Huyu ni wangu, nimemjaza mwenyewe, kilo moja na nusu.

Mwanao mwenye mkono mzuri.


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Furaha nimeiona. Sasa nisikilize.

Hiyo alama ya soksi, ukizivua inakaa muda gani? Mbonyeze mfupa wa mbele ya mguu kwa kidole gumba, uhesabu mpaka kumi, uachie. Niambie kama shimo linabaki.

Na mkojo wake una povu? Usiangalie chooni, choo kina sabuni. Tafuta chupa mbili za kioo, zisuuze kwa maji matupu mara tatu kila moja. Moja kinga mkojo wake wa asubuhi, nyingine tia maji. Tikisa zote sawasawa, weka dirishani, nenda kafanye kazi nyingine. Nilikufundisha povu hata hujaenda shule. Likisimama baada ya suuza ya tatu, kuna kitu kimebaki ndani ya nguo.

Fanya asubuhi tatu, si moja. Usimtishe mtoto.

Mama yako.


11 Machi

Mama,

Shikamoo. U mzima? Mimi sijui nikujibu nini nikiulizwa hivyo.

Shimo linabaki. Nilibonyeza, nikahesabu kumi, nikaachia, na kidole changu kikabaki kimeandikwa kwenye mguu wa mtoto kama kwenye unga uliokandwa. Zambarau akacheka, akataka kubonyeza mwenyewe.

Chupa nimeziweka asubuhi tatu. Nikaenda kufagia uani, nikachambua maharage, nikarudi. Ya maji ilikuwa maji. Ya Zambarau ilikuwa na kofia nyeupe imesimama, kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Asubuhi ya pili hivyo. Ya tatu hivyo.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi akampima kilo akatabasamu. Nikamwambia naomba apimwe mkojo.

"Mkojo wa nini? Hapa ni moyo. Figo ni jengo la pili, na huendi bila barua."

"Basi niandikie barua."

"Uvimbe kidogo kwa mtoto wa moyo ni kawaida, ongeza kidonge chake cha kutoa maji mwilini. We mama wa kambo, mtoto ananenepa, wewe unamtafutia ugonjwa?"

Foleni ile ile iliyonipigia makofi ikanicheka.

Nyumbani ndiko kulikouma zaidi. Nilimweleza mume wangu, nikamwonyesha chupa. Akaenda akasimama mbele ya mlango wa jikoni, akapapasa vichwa vya misumari. "Wakisikia habari ya figo wataifuta tarehe," akasema. "Nimeingoja miaka miwili. Apasuliwe kwanza, mke wangu. Hayo mengine baadaye." Wifi akatoa kichwa chumbani kwake: "Nilijua tu. Mke mpya anataka mtoto abaki mgonjwa, yeye awe shujaa." Na mume wangu hakumjibu dada yake, mama. Hakumjibu! Siku ya themanini na mbili ya ndoa tuligeuziana migongo.

Unajua linalonikera kuliko yote? Misumari mitatu ni maji. Sifa zangu zote, kiti nilichovutiwa, vyote ni maji. Nikinyamaza nabaki bahati ya nyumba. Nikisema nakuwa mchawi wake.

Ulijuaje? Uko mbali siku nzima ya safari, hujawahi kumwona. Ulijuaje?

Mwanao.


18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kaa peke yako usome hii.

Nilijua kwa sababu nami nilishangilia mashavu. Kabla yako nilikuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa mwembamba, anachoka haraka, kucha zake za buluu, na wakati ule hatukujua moyo una matundu, tulisema ni mnyonge. Alipofika miaka sita akaanza kujaa. Majirani wakanisifu. Nilimshonea kaptula mpya mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mara zote mbili nilikuwa naimba. Povu nililiona. Mimi, dobi, nililiona kwenye ndoo kila asubuhi nikasema ni sabuni yangu. Nikafua, nikamwaga. Tulipomfikisha hospitali walisema moyo ulikuwa unaweza kungoja, figo hazikungoja.

Sikukuambia kwa sababu haikuwa hadithi ya kumwambia mtoto. Na nilipokataa ndoa yako sikumkataa muuza misumari. Nilikataa ufanye kazi ile niliyoifanya mimi, ya kukunja kaptula ambazo hazina mwenyewe.

Lakini umeshaingia. Basi usiingie nusu. Wewe si mchawi na si shujaa, wewe ni mtoto wa dobi na povu umeliona. Chukua chupa zako uende hapo hapo walipokucheka. Wakikufukuza rudi kesho yake. Wakiuliza wewe nani, waambie wewe ndiye unayemwaga chungu chake cha mkojo kila asubuhi, kama yupo mwingine anayekimwaga aje aseme yeye.

Tarehe inaandikwa kwa kalamu. Itaandikwa nyingine.

Mama yako.


2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na pole, na pole, na pole. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kaka yangu. Nimemwombolezea nikiwa nimechelewa miaka yote hiyo.

Sasa nikupe habari. Nilikwenda. Alhamisi, mimi na Zambarau na chupa mbili ndani ya kikapu. Muuguzi akasema, "Umerudi?" Nikasema nimerudi. "Huna miadi." Sina. "Basi utaondoka." Nikaketi sakafuni mbele ya mlango wa daktari wa moyo, gauni langu jipya na kila kitu, nikampakata mtoto. "Niondoe," nikamwambia, "lakini unibebe mwenyewe, mimi ni mzito kweli, si wa maji." Safari hii foleni ilicheka upande wangu.

Daktari akatoka kuona kelele. Nikasimama nikamtia chupa mkononi kabla hajauliza. Ilikuwa bado vuguvugu. "Mama, hiki ni nini?" Nikamwambia, "Hizo ndizo kilo mlizonipongezea." Akacheka kidogo. Halafu akachuchumaa, akabonyeza mguu wa Zambarau, akauangalia, akaacha kucheka.

Akaleta kikaratasi chembamba akakichovya. Kilikuwa cha njano. Kikawa kijani mbele ya macho yangu. Akaniambia hiyo ni protini, haitakiwi kuwemo, figo zinavuja. Tukavuka kwenda jengo la pili pamoja naye, bila barua.

Daktari wa figo ni mama mmoja mfupi, anaongea polepole kana kwamba ana siku nzima. Alinieleza kwamba damu ya watoto wenye midomo ya zambarau huwa nzito, na kila siku inasukumwa kwenye vichujio vidogo vya figo, na moyo wenyewe hausukumi vizuri, basi vichujio vinachoka kimya kimya. Mtoto haumwi popote. Ndiyo maana inabidi mtu avichunguze. Akachukua damu. Akasema, "Vimeanza kuvuja lakini bado vinafanya kazi. Umekuja mapema." Mama, sijawahi kupewa sifa tamu kama hiyo, na mimi nimeolewa na mwanamume mwenye maneno.

Kisha akauliza dawa zote anazotumia. Wifi alikuwa anampa dawa ya maji ya maumivu, kijiko kila jioni, akidhani miguu inamuuma. Kwa mapenzi tu, mama. Daktari akasema hiyo iishe leo, inazikaba figo. Niliporudi nilimwambia wifi faraghani, jikoni, nikimenya viazi ili nisimtazame usoni. Alichukua ile chupa ya dawa. Akaenda akaimwaga.

Na tarehe? Imefutwa. Daktari wa moyo alisema kama angemweka mezani akiwa hivi bila kujua, damu ikisukumwa na mashine badala ya moyo, figo zingeweza kuzimika pale pale. Wanataka kwanza uvimbe uishe na uvujaji upungue. Miezi miwili, labda mitatu.

Nilipomweleza mume wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nikachukua koleo nikang'oa misumari mitatu mbele yake, mmoja mmoja. Zambarau akauliza, "Nimefanya kosa gani?" Nikamtilia misumari kiganjani nikamwambia, "Hii ilikuwa ya maji. Yako haijaja." Baba yake akatoka kwenda dukani. Leo ni siku ya nne, ananijibu "ndiyo" na "hapana". Maji ya kuoga bado ananichemshia, lakini taulo ameliacha kwenye msumari.

Nampenda mpaka meno yananiuma. Na misumari sirudishi.

Mwanao, binti wa dobi.


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Anayekuchemshia maji hajanuna, anaona haya. Mwache aone haya taratibu, wanaume hawana mazoezi.

Mwachie barua yangu ya Machi mahali atakapoiona. Nimekuruhusu.

Nimetuma kifurushi. Ni soksi jozi nne, nimezitoa mpira juu nikatia utepe laini, zisimbane. Ya njano ndiyo nzuri, avae siku ya kliniki wajue ana watu.

Mama yako.


29 Juni

Mama wa mimi,

Shikamoo! Magoti yako nitayauliza mwisho, kwa sababu nikianza nayo nitapasuka.

Barua yako niliiacha kwenye sinia la mizani. Nikiwa chumbani nikasikia duka linafungwa saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaja, macho mekundu, karatasi mkononi. "Ningempeleka," akasema. "Ningempeleka akiwa hivyo, nikiimba." Kuanzia kesho yake yeye ndiye anayetikisa chupa. Kila asubuhi, mama, mwanamume mzima na ndevu zake, anatikisa mkojo wa bintiye na kuuweka dirishani, na wateja wakiuliza anajibu, "Hiyo haiuzwi." Chumvi, kwa amri ya daktari wa figo, tuliifungia kabatini. Zambarau alipungua mpaka kilo kumi na tatu na robo, akawa mwembamba wa kweli, kisha akaanza kupanda polepole. Mwezi wa sita kofia nyeupe ikawa ukingo tu, halafu siku moja chupa mbili zikafanana, tukazibadilisha kwa makosa. Tulicheka mpaka wifi akaja kuuliza kuna nini, akacheka naye.

Msumari mmoja umepigiliwa. Mmoja tu, lakini ni nyama. Daktari wa moyo akasema kilo kumi na tano tuzisahau, yatosha figo ziko tayari. Akampasua Jumanne iliyopita.

Kwa saa sita nzima tulikaa kwenye benchi. Mume wangu alinishika mkono mpaka pete ikaniandika. Daktari wa moyo akatoka, akasema moyo umeshonwa vizuri, sasa tunangoja figo. Mtoto ana mpira wa kutolea mkojo na mfuko wake, na mfuko ni mtupu. Ungeona watu wazima sita, madaktari wawili, muuguzi, baba, shangazi na mimi, wote wameukodolea macho mfuko wa mkojo! Saa ya kwanza, matone. Saa ya pili, yule daktari mfupi wa figo akavuta kiti akakaa, akasema yeye haendi popote. Saa ya tatu muuguzi akainama, akauinua mfuko juu ya mwanga wa dirisha. "Mililita ishirini. Na unaendelea."

Muuza Misumari wangu, mtu mpole, mtu wa kunong'ona, akatoka mbio kwenye korido akapiga kelele: "AMEKOJOA! JAMANI, AMEKOJOA!" Watu wasiotujua wakapiga makofi. Wifi akapiga kigelegele, mlinzi akaja mbio na rungu. Na muuguzi yule, mama, yule yule wa kliniki, aliposikia alipanda ngazi kuja kuona. Akaniambia sasa wamebandika karatasi ukutani: kila mtoto wa moyo, mkojo na damu ya figo vipimwe kila anapokuja, avimbe asivimbe. "Na wewe ukae kitini siku nyingine," akaongeza.

Jana wameutoa mpira. Zambarau akaamka, akaangalia huku na huku, akakojoa gauni la hospitali na shuka na soksi zako za njano, peke yake, bila kusaidiwa na mtu. Midomo yake ni ya waridi. Baba yake akamwambia sasa itabidi tumtafutie jina jingine, akakataa katakata. "Jina ni langu," akasema. "Nyie tafuteni yenu."

Nguo hizo nimezileta nyumbani ndani ya mfuko. Sijazifua. Nazitazama tu kama mwehu.

Magoti yanaendeleaje?

Mwanao mwenye furaha isiyo na maji.


6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma lakini yatapanda gari.

Nimemwambia mwalimu atafute pa kupeleka mashati yake kwa wiki tatu. Nafika Jumamosi mchana. Muuza Misumari aje kunipokea yeye mwenyewe, asitume mtu, nina maneno naye na baadhi ni mazuri. Wifi yako mwambie nitalala chumba chake, tukoromeane.

Hiyo nguo usiifue. Usiiguse hata kwa maji. Soksi, shuka, gauni, vyote viache hapo hapo ulipoviweka. Nina kipande cha sabuni nilichokihifadhi miaka thelathini sikujua kwa ajili ya nini. Vya mjukuu wangu nitafua mwenyewe, na nitasuuza mara tatu.

Bibi yake Zambarau.